Fundi Rangi na Kilima cha Ba

Fundi hakuwahi kununua brashi dukani kwetu. Rangi alinunua, tapentaini alinunua, msasa alinunua tena kwa kuuchagua kama mtu anayechagua nyanya. Lakini brashi alizitazama tu zilipotundikwa ukutani, akatikisa kichwa kwa huruma. Za kwake alizitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa ng'ombe, aliyopewa na wenye mabucha aliowachorea vibao. Alisema brashi zetu zinanyonyoka kama kuku mwenye ugonjwa. Mimi niliyelipwa mshahara wa kuziuza sikuweza kumbishia, maana zilikuwa zinanyonyoka kweli.

Nilimfahamu kwa miaka kumi na sita, muda wote niliouza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Musoma mjini. Jina lake nililijua, lakini hata kwenye simu yangu nilimwandika Fundi Rangi, kwa kuwa hakuna aliyemwita vinginevyo. Kupaka nyumba rangi hakutaka. Ukimwita upakiwe chumba, alikwambia utafute mtu mwenye mikono miwili, kazi hiyo haitaki kichwa. Yeye alichora: vibao vya maduka, majina ya mitumbwi, maonyo kwenye kuta ambazo watu hawakuacha kuzikojolea, na ng'ombe.

Ng'ombe ndio waliompa jina. Bucha yoyote ya maana kuanzia Musoma hadi Bunda ilikuwa na ng'ombe wake ukutani. Wachoraji wengine walichora mbuzi mkubwa wakamwandikia "ng'ombe" chini yake ili mteja asipotee. Wa Fundi hawakuhitaji maandishi. Alijua nundu inavyolala mnyama akishiba na inavyolala akiwa na njaa, na alikuwa akienda mnadani kuwatazama bila kununua, mpaka wachuuzi wakamshuku kuwa ni askari.

Kuna wakati alichora bucha moja kule Manyamanyama, Bunda. Haikupita wiki, akatokea mzee mmoja kutoka kijijini, akasimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, kisha akaenda kumleta mtendaji wa kata. Alidai ng'ombe yule ni wake, ameibiwa mwezi uliopita, na pembe ile iliyopinda kushoto anaijua tangu ilipochipua. Mtendaji alimwita Fundi. Fundi alikiri kwamba alimwona ng'ombe wa namna hiyo mnadani, lakini hakumuuliza jina. Mwenye bucha, kumtuliza mzee wa watu, akamfungia kilo mbili za nyama. Mzee akashukuru, akaenda zake. Kitoweo kile kilikuwa cha ng'ombe gani, hakuna aliyeuliza.

Baada ya kisa hicho, Fundi hakuchora tena ng'ombe asiye na chapa pajani. Serikali ilipoanza kuvisha mifugo hereni za njano, naye akaanza kuwavisha wa kwake. "Ng'ombe asiye na alama ni wa wizi," aliniambia, "na mimi sitaki kuitwaga ofisini tena."

Watu ndio hakuwachora. Alikuwa Mwislamu wa kufuata saa, akisikia adhana aliacha herufi katikati, na kuna duka mtaa wa pili lililokaa juma zima likiitwa "Mama Furah" kwa sababu baada ya swala mvua ilinyesha siku tano. Msimamo wake ulikuwa kwamba uso wa binadamu una mwenyewe aliyeuchora, haufai kuigwa. Kinyozi mmoja wa Nyasura, kwetu nilikozaliwa, alimpa kazi ya kuchora mitindo ya nywele. Fundi akachora vichwa sita vyenye nywele safi kabisa, panki, denge na mengineyo, vyote bila nyuso. Kinyozi alilalamika kwamba watoto wanalia. Fundi akamjibu kwamba mtu haji kunyolewa uso. Vile vichwa vipo mpaka leo, na wateja huagiza kwa namba.

Nilimuuliza kwa nini ng'ombe apate macho na binadamu asipate. Alifikiri, akaniambia ng'ombe hajioni kwenye kioo, hawezi kuvimba kichwa. Sidhani kama sheikh wake angeupitisha ule ushahidi, lakini ndivyo alivyoishi nao. Kwa ujumla alikuwa na kanuni nyingi kuliko makopo, na kila kanuni ilikuwa na tundu mahali fulani. Iliyo kuu ilikuwa hii: "Mimi nachoraga nilichokiona." Aliitamka hata asipoulizwa. Ukimkumbusha simba aliyemchora kwenye saluni, alikujibu kwamba simba huyo alivuka barabara upande wa Serengeti, yeye akiwa dirishani kwenye basi, na kwamba alimwona mkia na kiuno. Mbele alikisia.

Sasa nimtaje Ba. Duka ninalolizungumzia ni la familia ya Kihindi, na mkubwa wa familia hiyo ni mama mjane aliyekuwa akikaa kwenye kiti karibu na mizani ya misumari kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Ba ni mama kwa Kigujarati, na mji mzima ulimwita hivyo, hata wauza dagaa ambao hakuwahi kuwanunulia kitu, kwa kuwa hali nyama wala samaki. Alizaliwa hapa hapa Musoma. Mimi aliniita Nyasura, akisema majina ya watu yanafanana lakini kwao hakufanani.

Ba alikuwa na jambo moja moyoni. Huko India kuna kilima kitakatifu ambacho watu wao hukizunguka kwa miguu wakiomba, na kila mwaka alisema mwaka ujao atakwenda. Moyo wake ukaanza kusumbua, na daktari wa Mwanza akamkataza kupanda ndege. Siku alipotoka huko alikaa kwenye kiti chake akatengeneza mafungu ya misumari ya inchi tatu mpaka saa saba. Halafu akaniambia, "Nyasura, kama siwezi kwenda kwa kilima, kilima kitakuja hapa. Niitie Fundi."

Alitaka kichorwe kwenye ukuta wa ukumbi wa hekalu lao, ukuta mzima: kilima, mto, mahekalu madogo yenye bendera, na ng'ombe wengi. Kamati ya hekalu ilitaka kuagiza turubai la kuchapwa Mwanza, lakini Ba alisema hataki kuomba mbele ya turubai kama mtu aliyekuja kwenye kampeni. Fundi akaweka sharti. Atachora yote isipokuwa mungu mwenyewe. Pale katikati ataacha nafasi nyeupe, nao watatundika picha yao ya fremu. Ba akakubali hapo hapo. Nadhani ndiye mteja wa kwanza kumwelewa.

Kisha akamsimulia habari ya kile kilima, Fundi akiwa amesimama na kopo la tapentaini mkononi. Mungu wao alipokuwa mtoto, mchunga ng'ombe, ilinyesha mvua ya kuangamiza kijiji. Mtoto akakinyanyua kilima kizima kwa kidole chake kidogo, akakishika kama mwavuli siku saba, watu na mifugo wakajibanza chini yake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao ng'ombe siku saba walikula nini?" akauliza.

Ba alikuwa ameisikia hadithi hiyo tangu utotoni na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kesho yake alikuja na jibu: majani yalikuwa yananing'inia kutoka kwenye kilima. Fundi akaridhika, akaanza kazi.

Kielelezo pekee alichokuwa nacho ni picha ya kalenda ya zamani aliyopewa na Ba, na hata hiyo aliisahihisha. Mahekalu kwenye kalenda hayakuwa na mabomba ya kukinga maji ya mvua. Fundi aliona huo ni uzembe wa mjenzi, akayawekea, na pembeni ya kila hekalu akaweka simtanki jeusi. Ba akasema mabomba yabaki, masimtanki yaondoke. Mto ulikuwa mwembamba mno kwa mtu aliyezoea ziwa. Akaupanua mpaka ukafika mlangoni. Ng'ombe kumi na wanne aliwachora wote wakiwa wameelekea ile nafasi nyeupe, na wote wana chapa.

"Hii chapa ya nani?" Ba akamuuliza.

"Ya mwenyewe, Ba. Huyo mtoto. Mchunga ng'ombe hawezi kuchunga wasio na alama, watamkamata."

Ba akaitazama, duara lenye kijifilimbi ndani, maana alikuwa ameshamwambia kwamba mtoto yule alipenda filimbi. Akasema iachwe.

Katikati ya kazi ndipo ilipojulikana kwamba brashi ni mkia wa ng'ombe, tena wa bucha. Kwa Wahindu ng'ombe ni mama, hachinjwi, na sasa ukuta mtakatifu ulikuwa unapakwa kwa mabaki ya marehemu. Mimi niliyekuwa nikijua muda wote nilijifanya nahesabu bawaba. Ba alifunga macho kidogo, akamwambia apate brashi nyingine. Fundi alifedheheka kikweli, akatubu kwa ng'ombe wote kumi na wanne, na siku ya tatu akarudi na brashi za manyoya ya mbuzi.

"Huyo mbuzi yuko hai?" Ba akauliza.

"Yuko hai, Ba. Na amekasirika."

Msikitini maneno hayakukosekana. Sheikh alimwita akamuuliza ni kweli anachora hekaluni. Akajibu, "Nimechora kilima, Sheikh. Na mto, na ng'ombe. Hivyo vyote ni vya Mwenyezi Mungu, mimi nimeviweka tu kwenye ukuta wa jirani." Sheikh akamwambia geti la msikiti nalo limechakaa.

Hayo yote ni ya kucheka, na nimeyaweka mbele kwa makusudi, kwa sababu yanayofuata siyapendi. Katika miezi hiyo hiyo nilianza kuona kwamba Fundi hasomi tena makopo. Alilisogeza kopo shavuni, akaligeuza, kisha akanipa. "Nisomee, mwanangu, miwani nimesahau nyumbani." Miwani hakuwahi kuwa nayo. Siku moja alirudisha kopo akisema nimemdanganya, nimempa kijani naye alitaka bluu, na kopo lilikuwa la bluu. Nikalichukua, nikazunguka nyuma ya rafu, nikamrudishia lile lile. Akashukuru.

Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, na hatukuwahi kulisema. Mji huu ni mdogo. Ikishasikika kwamba mchoraji haoni, hata jina la mtumbwi hapewi. Basi nikaanza kufunga kamba kwenye vishikio vya makopo yake: fundo moja bluu, mawili kijani, matatu udongo, manne kijivu. Nilimwambia ni utaratibu mpya wa duka. Alizipapasa zile kamba, akasema duka limeendelea.

Watu husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aliyesema hivyo hakuwa mchoraji.

Kilima kilipokamilika, kilikuwa kifupi. Hakuna njia nyingine ya kusema. Mto mpana, mahekalu mazuri, ng'ombe wa kutaka kuwafungulia mlango. Na nyuma yao rundo la mawe ya kijivu na vichaka, kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, kisha ukuta mtupu mpaka kwenye dari. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mtoto wa shemeji yake Ba, alikuja na kalenda mkononi. Mlima wa kalenda ulikuwa na theluji.

"Fundi, huu ni mlima wa Mungu au ni mawe ya hapa kwetu Buhare?" akauliza. Alitaka uongezwe mpaka juu, na kilele cheupe.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma. "Mwenyekiti, theluji mimi sijawahi kuiona. Mimi nachoraga nilichokiona. Na kama mtoto alikinyanyua kwa kidole, kikiwa kirefu nani ataamini?"

Ba alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Walimbembeleza siku mbili, akakataa katakata, akafunga vitu vyake akaondoka. Wiki iliyofuata wakamleta kijana kutoka Mwanza mwenye mashine ya kupulizia, naye kwa siku moja akakirefusha kilima mpaka darini, akamwaga theluji, akaongeza na maporomoko ya maji ambayo hakuagizwa. Ba hakuwa na nguvu za kubishana wakati ule. Alikwenda akaomba mbele ya theluji, akarudi dukani akaniambia kule ndani sasa kuna baridi.

Kwa Fundi ile haikuwa dharau ndogo. Mjini walisema mzee amekwisha, kazi yake imerekebishwa na mtoto. Wengine walimsifu kwa msimamo: wakasema afadhali huyu anayekataa kuchora uongo. Sifa hizo nilimpelekea, nikidhani zitampoza. Alizipokea vibaya kuliko zile lawama. Baada ya msimu wa mvua alihamia Butiama kwa binti yake, na makopo yenye mafundo nikayavua kamba nikayauza kwa watu wengine.

Ikapita miaka mitatu. Ba akawekewa kifaa kifuani, daktari akamruhusu, na mjukuu wake akampeleka India. Alikaa huko mwezi na nusu. Siku ya kwanza aliyorudi dukani alikaa kwenye kiti, akavuta pumzi, akasema kabla sijamwamkia vizuri:

"Nyasura. Kile kilima ni kifupi."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Kifupi kabisa. Nimekizunguka kwa bajaji siku nzima. Mawe, vichaka na nyani. Theluji hakuna, wapi theluji, jua la kukausha mtu. Mahali pengine nilitaka kukipita bila kukiona, dereva akaniambia mama, ndicho hicho hapo. Nilishuka nikalia, halafu nikacheka. Ni ukuta wa Fundi ule ule."

Siku ile ile alikwenda hekaluni na kiti chake, akakaa chini ya ukuta, akamwambia Mwenyekiti kwamba hataondoka mpaka theluji iondoke. Walipaka anga la bluu juu ya theluji mpaka kwenye ile mistari ya zamani ya kilima. Rangi nilipeleka mimi. Kisha akaniita. "Nenda Butiama ukamwambie. Kwa simu hapana. Uende na miguu yako, na umpelekee hivi vitamu vyetu, ladu."

Nilikwenda Jumapili. Nilimkuta sebuleni kwa binti yake, amevaa kanzu safi, uso ameuelekeza dirishani kama mtu anayetazama nje. Macho yalikuwa meupe. Alinitambua kwa salamu. "Mama wa makopo," akasema, akanishika mkono kwa muda mrefu. Nikamweleza yote: safari ya Ba, bajaji, nyani, theluji kufutwa. Sehemu ya kilima kuwa kifupi alinifanya niirudie mara tatu.

Binti yake alifurahi mpaka akapiga vigelegele. "Si nilikuwaga nakwambia, baba? Wewe uliona kitu wao hawakukiona." Akaenda kuweka chai, akiimba.

Fundi alisubiri mpaka nyayo zikafika jikoni. Kisha akainamisha kichwa upande wangu.

"Mwanangu, mimi sikuona kitu."

Nikaliweka boksi la ladu mapajani mwake.

"Unajua hali yangu ilivyokuwa, wewe ndiye ulifungaga zile kamba. Ngazi nilipanda siku ya kwanza. Ngazi ya tatu nikawa sijui ukuta uko wapi na hewa iko wapi. Nikashuka, sikupanda tena. Nilichora nikiwa nimesimama chini. Kilima kiliishia mkono ulipoishia. Walipotaka kirefushwe ningefanyaje? Ningesema siwezi kupanda, wangeniuliza kwa nini. Nikasema lile neno langu."

"La kuchora ulichokiona," nikasema.

"Hilo." Alipapasa boksi la ladu bila kulifungua. "Sasa Ba anajua nilikiona. Mama wa watu amelia kule India kwa ajili ya mtu aliyeogopa ngazi. Utamwambia?"

Niliona uchungu, na sitaficha kwamba niliona na hasira, nisijue ni ya nani. Nilimwambia sijui. Nilimwambia Ba amefika, amekiona kilima chenyewe, na ukuta unafanana nacho, na hilo si uongo wa mtu yeyote. Kule jikoni vikombe vilikuwa vinapangwa.

Akainuka. Nilitaka kumshika, akanikataza kwa bega. Alihesabu hatua mpaka kwenye ukuta wa sebule, akagusa chokaa kwa kiganja cha kushoto, kisha akanyoosha mkono wa kulia juu, taratibu, vidole vikitambaa, mpaka visigino vya miguu vikainuka kidogo na kanzu ikapanda kwenye vifundo.

"Hapa," akasema, uso kwenye ukuta. "Nilifika hapa. Zaidi ya hapa sikuweza."

Mkono hakuushusha. Nikasimama karibu naye, nikatazama vidole vilipogusa, nikamwambia ndipo penyewe.